Noti za Chicago

Wapendwa, hebu fikirini nyumba ambayo mgeni anaingia, na mbwa habweki.

Nyumba hiyo ilikuwa katika mji wa mpakani, ya mama mmoja mjane. Mwanawe wa pekee alikuwa Marekani, jiji la Chicago. Alikuwa akimtumia mama yake dola kwa watu wanaorudi nyumbani, amezificha ndani ya viatu vya zawadi. Akamfundisha kwa simu kuisoma noti ya dola ishirini: kushoto, chini ya ile namba ndefu, kuna herufi na tarakimu ndogo, na hizo ndizo zinazotaja benki iliyoitoa. Benki hizo ziko kumi na mbili. Ya Chicago ni G7. Kijana alimchagulia mama noti zenye alama hiyo, na mama kila akiiona huibusu.

Kisha kijana akafa huko huko, akazikwa huko huko. Mama hakuona maiti wala kaburi. Uchungu wake wote akamshushia mkwewe, akisema ndiye aliyemsukuma mumewe kwenda mbali. Akamfukuza, akaapa mbele ya majirani kwamba hatakula kitu kilichotoka mkononi mwake.

Masika yalipoanza, mama alirudi kutoka kisimani akakuta noti chini ya kikombe alichokuwa akinywea mwanawe. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile alivyouacha. Akaipeleka noti kwenye mwanga. G7. Nywele zikamsimama. Mwezi uliofuata akakuta nyingine, mahali pale pale, alama ile ile. Sakafuni palikuwa na tope la viatu vyenye meno, kama vile mwanawe alivyoviacha aliposafiri. Na mbwa, ambaye hubwekea hata kuku wa jirani, alikuwa amelala kizingitini akitikisa mkia.

Ingekuwa wewe, ungefikiri nini?

Mama akaanza kupakua sahani mbili. Ibada ya kumaliza matanga akaikataa, akisema haombolezi mtu aliye hai. Dalali mmoja akamwahidi kumfikisha Chicago akamrudishe mwanawe, ikiwa atauza shamba lake, lile lile linalomlisha. Mama akakubali.

Jirani yake anayebadilisha fedha mpakani akaja kumzuia. "Dada, alama inasema noti imetolewa na benki gani. Haisemi imeletwa na nani. Hata mimi ninazo za Chicago, na mwisho wa safari zangu ni sokoni."

"Wewe una noti," mama akamjibu. "Mimi nina mtoto."

Jirani akatazama chini, akaondoka.

Siku ya kuuza shamba ilipowadia, mama alitaka kwanza amwone mwanawe. Akabeba ndoo kama anayekwenda kisimani, akazunguka nyuma, akaingia na kujificha nyuma ya pazia. Mvua ilikuwa imekatika, na kimya kilikuwa kizito. Akavisikia viatu. Vizito, vikiburuzwa kidogo, vinavuka uwanja, vinaingia ndani. Kikombe kikainuliwa mezani.

"Mwanangu," mama akaita, akafunua pazia.

Alikuwa mkwewe, ndani ya viatu vya mumewe vilivyompwaya.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba ufunguo wa nyumba bado anao, kwamba anafua nguo kwenye nyumba ya wageni, na akipata mshahara anakwenda kwa yule jirani kuchambua noti zake moja moja mpaka aione ile alama.

"Kwa nini hukunipa mkononi?"

"Uliapa hutakula kutoka mkononi mwangu, mama. Nikasema basi, ule kutoka mkononi mwake."

Mama akaketi sakafuni, na hapo ndipo alipomlilia mwanawe kwa mara ya kwanza. Mkwe akaketi naye. Dalali alipobisha hodi, hakuna aliyemwitikia.

Na sisi je? Baraka ikiingia nyumbani tunaigeuza kwenye mwanga, tunaiona alama ya mbinguni, tunapiga vigelegele. Ni kweli, imetoka huko. Lakini nani ameileta? Nani amevuka uwanja wako kwa kunyata, akichagua saa ambayo hupo, kwa sababu ya neno ulilolisema wewe? Tunamwimbia Mungu aliyetuma, na yule aliyetumwa tumemfukuza. Mama, dada, ukifika nyumbani leo usivue hata kitenge cha ibada. Nenda kamwite huyo mtu, aingie wewe ukiwepo.