Lalamiko Namba Arobaini na Saba

Palikuwa na Sultani mmoja wa mji wa Shungwi, jina lake Faki, asiyependa kelele za watu. Akapiga marufuku kuja barazani kulia. Kila lalamiko lipewe kibao chenye namba, lipitie dirisha la aina yake, na siku ya tatu karani aende nyumbani kwa mlalamikaji aulize, "Umeridhika?" Akinyamaza, karidhika, si hata mwari akiulizwa na kadhi kama akubali kuolewa hunyamaza? Kibao kipigwe mhuri wa Sultani: LIMEKWISHA. Na atakayebishana na mhuri, viboko ishirini, awe nani awe nani.

Mji ukawa kimya. Sultani akalala usingizi wa mchana hadi akanenepa.

Basi ngamia mweupe wa Sultani akakata kamba. Akazurura mpaka kwa Bi Mize, mjane msusi wa mikeka, chumba chake kimoja, mdomo wake kama kumi. Akabomoa ukuta wa nyuma, akaingia, akapiga magoti katikati ya nyumba, akaanza kutafuna ukili wa mikeka yake. Utamchapa ngamia wa Sultani, wewe? Bi Mize akatoka na mtungi wake, akahamia barazani kwa jirani.

Asubuhi akapewa kibao, namba arobaini na saba. Akaenda dirisha la mifugo.

"Ngamia ni wako?"

"Wa Sultani."

"Basi mwenyewe ndiye alalamike. Nenda dirisha la nyumba."

Huko Karani Sururu hakuinua hata kichwa. "Nyumba imeungua?"

"Haikuungua."

"Imeporomoka?"

"Bado, mwanangu. Inaliwa."

"Hapa tuna kuungua na kuporomoka, mama. Kuliwa hatuna. Acha kibao hapa, subiri siku ya tatu."

Siku ya tatu akarudi, akakuta kibao kimeshapigwa mhuri.

"Limekwisha? Nani kasema?"

"Nimekwenda mwenyewe. Nikapiga hodi, nikauliza, umeridhika? Aliyekuwa ndani kanyamaza."

"Aliyekuwa ndani mdomo umejaa mkeka wangu!"

"Kanyamaza, mama. Nimeandika: mwenye nyumba ameridhika. Au unabishana na mhuri?"

Bi Mize akakifunga kibao kwenye pindo la kanga.

Ikafika sikukuu. Wageni wamekuja kutoka miji ya mbali kumwona Sultani juu ya ngamia mweupe. Ngamia hayupo! Mchungaji wake akaitwa.

"Nililalamika, Bwana. Namba yangu mia mbili na sita. Nimeambiwa nisubiri."

Wakafuata nyayo mpaka kwa Bi Mize. Sultani mbele, kilemba kimekaa upande, wageni nyuma wakichungulia.

"We mwanamke! Nitolee ngamia wangu!"

"Nashika miguu, Bwana. Ngamia gani?"

"Si huyo! Naiona nundu yake!"

"Hata mimi niliiona, nikalala nje mpaka leo. Lakini tazama kibao: limekwisha. Mhuri si wako? Ukisema ngamia yumo, umebishana nao. Viboko ishirini, awe nani awe nani. Mchapaji yuko wapi, jamani?"

Wageni wakaanza kukohoa, kikohozi cha kuficha kicheko. Sultani akainama, akanong'ona, "Unataka nini?"

"Ukuta wangu. Ukili wa mwaka mzima. Na madirisha yako uyazibe, tuje barazani tulie kama zamani."

"Utapata."

"Kwa sauti, Bwana. Wageni hawajasikia."

Sultani akatamka kwa sauti, neno moja moja, kama mtu anayetapika miiba. Kisha akafoka, "Haya, nimekwisha sema! Sasa mtoe huyo mnyama!"

Bi Mize akaketi barazani kwa jirani, akanyoosha miguu.

"Nimtoe mimi, Bwana? Piga hodi mwenyewe. Mwenye nyumba ni yeye. Karani wako alimuuliza, akaridhika."