Kiboko Aliyekalia Vigae

Ngano hii aliisimulia kwanza shangazi yangu Naetwe, mwaka 1974, kabla ya mvua za vuli, katika banda la wafinyanzi kwetu Upare. Waliomsikiliza ni wanawake wanne waliofinyanga naye. Mimi nimeipokea kwake na kwa Nankondo, aliyekuwa mdogo kuliko wote pale. Walipotofautiana, nimefuata maneno ya shangazi.

Alianza hivi:

"Nikae, nisikae?"

"Kaa."

"Niseme, nisiseme?"

"Sema. Mikono ina kazi, masikio hayana."

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa bado wanapika, palikuwa na kiwanda cha vyungu kando ya mto. Mkuu wa kiwanda alikuwa Mama Kiboko. Wafinyanzi wake walikuwa Kanga, Komba, Nyani na Nungunungu.

Udongo wao waliuchimba katika shimo moja tangu enzi za bibi zao. Mwaka mmoja shimo lile likaporomoka, wakachimba jipya. Udongo wa shimo jipya ulikuwa laini, mzuri kuushika. Lakini ukiingia motoni, unapasuka.

Hakuna aliyesema. Kwa nini? Kwa sababu ya wimbo. Nyani alikuwa na wimbo wake:

*Chungu chake kinacheka, hee,*
*Meno yote yako nje.*

Aliyepasukiwa aliimbiwa tangu asubuhi hadi jioni. Basi kila aliyepasukiwa alificha vigae vyake. Kanga alivifukia. Komba alivipandisha mtini, akavitia tunduni mwake. Nyani mwenyewe alivitupa kwenye matete. Kila mmoja akawaza moyoni, "Ni mimi tu."

Mwaka huohuo jua likawa kali. Mto ukaanza kupungua. Wanyama wa mlimani wakamtuma Digidigi.

"Mama Kiboko, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Kisima chetu kinakauka. Tunaomba mitungi mikubwa, tuteke maji tuyaweke, mto ungalipo. Mto ukitangulia kukauka, watoto wetu hawatauona mwezi ujao."

Nungunungu aliyasikia maneno hayo, naye watoto wake walikuwa kulekule mlimani.

"Mitungi mtaipata," akasema Mama Kiboko, bila kuinuka. Siku hizo alikuwa hainuki kabisa pale alipokaa, katikati ya uwanja. Hata chakula aliletewa hapohapo.

Nungunungu akafinyanga mtungi, akaukausha, akauchoma. Ukapasuka kitakoni. Akaubeba, akauweka uwanjani mbele ya wote.

"Jamani, wangu umepasuka. Nani anajua sababu?"

Nyani akapiga makofi. "Shemeji, uliukumbatia nini na miba yako hiyo?" Akaimba wimbo wake. Kanga akacheka. Komba akacheka. Mama Kiboko akatazama mto.

Nungunungu akafinyanga wa pili, akaukausha siku nyingi zaidi, akauchoma. Ukapasuka kitakoni. Akauweka uwanjani.

"Jamani, wa pili nao umepasuka. Nani anajua sababu?"

"Shemeji, huu unacheka kuliko dada yake," akasema Nyani, akaimba.

Digidigi akarudi. "Mama, kisima kimekwisha. Watoto wanalamba umande kwenye mawe."

Mama Kiboko akauliza, "Kanga, kazi yako vipi?"

"Salama, mama. Wangu unakauka."

"Komba?"

"Salama, mama."

"Nyani?"

"Wangu mimi ni salama salimini."

Nungunungu akafinyanga wa tatu. Ulikuwa bado tanurini Digidigi alipofika tena, akijikokota. Safari hii hakumsalimu mtu. Alimwendea Nungunungu.

"Dada, kitinda mimba wako hainuki tena."

Nungunungu akafungua tanuri. Umepasuka kitakoni. Akaubeba hadi uwanjani, akauweka chini taratibu, kana kwamba ni mzima.

"Udongo huu siuwezi," akasema. "Anayeuweza anifundishe. Imbeni. Lakini mkimaliza kuimba, mnifundishe."

Nyani akaimba mstari wa kwanza. Hakuna aliyeitikia.

Ndipo Mama Kiboko akainuka. Chini yake palikuwa na vigae, vingi vimesagika vikawa unga.

"Huu ulikuwa mtungi wangu," akasema. "Wa kwanza kutoka shimo jipya. Niliona haya, nikaukalia. Mkuu wa kiwanda atapasukiwaje? Haya, Nyani, niimbie na mimi."

"Siwezi, mama."

"Kwa nini?"

Nyani akajikuna. "Vyangu viko kwenye matete. Ni vingi."

"Vingi kiasi gani?" akauliza Kanga.

"Usiniulize wewe, unayeparura ardhi kila alfajiri ukisingizia mchwa."

Komba akapanda mtini kimya kimya, akashuka na vyake. Kanga akafukua. Nyani akaenda matetani, akarudi mara tatu. Wakavipanga juani, wakavitazama. Kitakoni. Kitakoni. Kitakoni.

"Basi si mikono yetu," akasema Kanga. "Ni udongo."

Komba, kwa yale macho yake makubwa, alikuwa akimtazama Mama Kiboko kwa nyuma. "Mama, samahani, usigeuke."

"Unatazama nini, mwanangu?"

"Donge la udongo limekuganda hapo. Limechanganyika na unga wa vigae. Limekauka, wala halina ufa."

Wakalibandua, wakalichoma. Likatoka zima.

Wakachanganya unga wa vigae na udongo, wakafinyanga. Mtungi wa kwanza, unga ulizidi, ukamomonyoka mikononi. Nyani alitaka kucheka, kisha akauliza, "Umeanzia wapi kuvunjika?" Wa pili, unga ulipungua, ukafanya ufa. "Ufa wenyewe mdogo kuliko wa jana," akasema Nungunungu. Wa tatu ukatoka mwekundu. Walipougonga kwa kidole, ukalia ngii.

"Unga umekwisha," akasema Kanga.

"Leteni vigae vyote," akasema Mama Kiboko. "Nitavikalia tena. Sasa nitazameni."

Mto ulikuwa umebaki mfereji mwembamba mitungi ilipojaa. Nungunungu alitangulia mlimani. Kitinda mimba wake akanywa, akalala, akaamka akiulizia chakula.

Tangu hapo vigae vikawekwa mlangoni pa kiwanda, penye njia. Kila tanuri lilipofunguliwa, Mama Kiboko alianza kusema kilichompasukia, wengine wakafuata. Nyani hakuuacha wimbo wake, ila aligeuza maneno:

*Chungu chake kinasema, hee,*
*Sogeeni tukisikie.*

Hapo shangazi alisema funzo. Kosa lililofichwa humfundisha mtu mmoja, nalo humfundisha kuficha. Kosa lililowekwa uwanjani hufundisha kiwanda kizima. Na mkubwa akitaka watu wake wajifunze, aanze yeye kuinuka.

"Ngano yangu naitia tanurini. Ikitoka nzima, ni yenu. Ikipasuka, nirudishieni vigae."

Shangazi Naetwe alifariki mwaka 1991, na watatu kati ya waliomsikiliza wamemfuata. Aliye hai ni Nankondo. Siku ile ngano ilipokwisha, yeye aliinuka, akaondoa majani ya migomba pembeni ya banda, akatoa chungu kilichopasuka, akakiweka katikati yao. Bado anafinyanga.