Mstari Uliosema Hapana

Chumba cha Mama Nyaya kilijaa redio za watu zilizoletwa kutengenezwa, lakini mazungumzo ndani yake yalikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Wateja waliingia, wakaeleza ubovu, wakaenda zao. Mumewe alikwisha kutangulia mbele ya haki. Ndugu pekee aliyembakia, mdogo wake wa kike, alikuwa mpishi katika bweni la kiwanda kimoja cha mbali. Kila alfajiri mjane huyo alipiga magoti na kuomba ombi lile lile, kwamba Mungu amrudishie mdogo wake karibu.

Ombi likaanza kupata njia. Hospitali ya jirani ilihitaji mpishi, nayo ilikuwa tayari kumchukua mdogo mtu mradi amalize mkataba wake na aje na barua ya sifa njema kutoka kwa meneja wa kiwanda. Lakini meneja huyo hakupenda kuachwa. Aliyesikika akitafuta kazi kwingine alinyimwa sifa na kuhamishiwa tawi la mpakani. Tena bwenini hapakuwa na njia ya kutuma ujumbe ila mtandao wa kiwanda, ambao meneja aliuchungulia kama jirani mmbea.

Mama Nyaya alikuwa akisoma kompyuta katika masomo ya jioni, akiwa mtu mzima kuliko wote darasani. Akamwahidi mdogo wake kwamba angemjengea programu ya kutumiana ujumbe, yenye kufuli, ambayo meneja angeitazama asiambulie neno.

Kabla programu haijajengwa, chombo cha usanidi hupita ndani ya kompyuta kikikagua vifaa vinavyohitajika. Hiki kipo? Ndiyo. Na kile? Ndiyo. Mistari ilipanda kiooni kama siafu ukutani, na karibu na mwisho ukapita mmoja: maktaba ya usimbaji, hapana. Maktaba hiyo ndiyo hugeuza maneno kuwa fumbo asiloweza kulisoma mtu ila mpokeaji. Chombo kilipoikosa hakikugoma. Kiliuandika upungufu huo, kisha kikaruhusu programu ijengwe bila kufuli.

Mwalimu aliyekuwa akipita nyuma yake akasimama.

"Mama, hapo imeandika hapana."

"Nimeona, Mwalimu. Si imeendelea lakini?"

"Imeendelea, ndiyo. Barua itafika, ila bila bahasha. Iweke hiyo maktaba, usanidi upya, ujenge tena."

"Mama kashona suruali, zipu kasahau," akachomekea kijana wa dawati la nyuma, na darasa zima likacheka. Mama Nyaya naye akacheka. Akasema angeiweka Jumamosi.

Jioni ile ile aliituma programu bwenini, na kabla hajavua viatu jibu lilikuwa limefika: "Dada, kumbe bado uko hai?" Akalisoma kwa sauti, peke yake, kama mtu aliyepata mgeni. Tangu hapo kila jioni ilikuwa na maneno. Walikumbushana utoto wao, wakapanga safari ya kwenda hospitalini, wakamcheka meneja kwamba anatembea kama bata mwenye mayai.

Jumamosi ilifika. Kujenga upya kungemlazimu mdogo mtu aiondoe programu ya zamani na kuweka mpya, na huenda jioni moja ingepita kimya. Moyo wa Mama Nyaya haukustahimili jioni hiyo moja. Akajiambia kwamba kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Badala ya kuweka kufuli, aliomba Mungu ayafumbe macho ya meneja, akasahau kwamba onyo lilikwisha kumfikia, limeandikwa waziwazi mbele ya macho yake mwenyewe.

Siku moja ujumbe ukakatika. Kesho yake mdogo mtu alipiga simu kutoka duka la barabarani, nje ya kiwanda. Alisimulia kwa sauti kavu kwamba meneja alimwita mbele ya wapishi wenzake, akamsomea maneno yake yote, hospitali, safari, hata bata na mayai yake. Gari la kwenda mpakani lilikuwa linamsubiri.

"Dada, ulisema itakuwa na kufuli."

"Nilisema."

"Ilikuwa nayo?"

Mama Nyaya angeweza kusema kwamba werevu wa meneja umeshinda kufuli. Nani angebisha? Lakini alikuwa mtu wa kusali, na ulimi ulikataa.

"Haikuwa nayo. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nikawa nasema kesho."

Upande wa pili ukasikika muungurumo wa gari.

"Mimi wala sikuuliza," akasema mdogo wake. "Nilikuamini tu." Simu ikakatwa.

Mama Nyaya akaketi mbele ya kompyuta. Akaiweka maktaba, akasanidi upya, na safari hii mstari ukasema ndiyo. Akajenga. Kazi yote ilikwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Akaandika, "Mdogo wangu, nisamehe," akatuma. Maneno yalikwenda yamefungwa barabara, kwa mtu aliyekwisha kupelekwa mpakani, ambaye hakuwapo tena bwenini kuyafungua.

Lilikuwa neno moja tu kiooni, dogo la kung'oka kwa ncha za vidole; lakini mdharau mwiba, mguu huota tende.