Mke wa Kusaini

Kaeni, ndugu zangu. Mlioko nje sogeeni chini ya turubai, jua halina mchezo leo, na mimi sitawaweka sana.

Wiki hii wamenijia watu wanne ofisini, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuombewa. Wote wamekuja na bahasha za kaki. Wa kwanza ananiuliza, "Mchungaji, mpangaji wangu hataki kutoka, naweza kung'oa mlango?" Nikamwambia usithubutu! Mpe notisi ya maandishi, akigoma nenda baraza la ardhi. Ukiung'oa huo mlango, atakayeshtakiwa ni wewe. Wa pili aliuza kiwanja kwa mdomo, hakuna karatasi, hakuna shahidi, na sasa mnunuzi anadai aliuziwa mpaka kwenye choo cha jirani. Wa tatu amepanga chumba kinachovuja, na mwenye nyumba amemwambia anunue ndoo. Mimi nimesomea kuhubiri, sheria sikusomea. Lakini miaka ishirini na sita ya uchungaji imenionyesha kwamba watu wanaweza kugombana juu ya kwaya asubuhi na jioni wakala pamoja, ila wakigombania nyumba wanazikana bila kusameheana.

Wa nne ndiye aliyenipa mahubiri ya leo. Ni baba mtu mzima. Alifunga mlango wa ofisi mwenyewe, akaketi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mchungaji, hati ina jina langu peke yangu. Hivi kuna ulazima wa kumwambia mama?"

Nilimwambia, njoo Jumapili utajibiwa. Na ninyi msigeuke kumtafuta! Tazameni huku mbele.

Haya. Alikuwapo mwanaume mmoja, fundi wa kuchomelea mageti, na mkewe, muuza vitumbua. Walijenga nyumba yao kidogo kidogo, miaka tisa. Mume alinunua saruji, akafyatua tofali. Sasa, ninyi mliojenga mnajua, tofali lisipomwagiliwa maji linamomonyoka kama andazi la juzi. Nani alimwagilia? Mke. Asubuhi na jioni, ndoo kichwani, bomba liko mtaa wa tatu, na tumboni ana mimba ya miezi saba. Nyumba ikasimama, vyumba vinne na kimoja cha uani cha kupangisha. Ilipofika siku ya kuandikisha hati, mke alikuwa na mtoto mchanga, akashindwa kwenda. Mume akaenda peke yake, likaandikwa jina moja.

Nawauliza sasa, nyumba ile ni ya nani?

Nimesikia! Upande wa kina baba wamesema ya mwenye jina. Kina mama wamenyamaza, na kimya hicho nakijua mimi. Basi sikieni, baba zangu. Sheria inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako, hata kama jina kwenye hati ni moja. Hilo si neno langu mimi, kwa hiyo msininunie mlangoni.

Yule fundi akaingiwa na tamaa ya lori. Alitaka auze nyumba, anunue lori, abebe mizigo mikoani. Akamgusia mkewe siku moja wakiwa wanakula. Mke akaweka kijiko chini, akamuuliza, "Baba watoto, hilo lori likianguka, tutalala kwenye matairi?"

Mume akacheka, wakaendelea kula. Mke alidhani yamekwisha. Hayakwisha! Mwanaume alikuwa anasubiri tu.

Ikatokea binti yao amejifungua mkoa wa jirani. Mama akafunga safari kwenda kumkanda mzazi siku arobaini, kama tunavyofanya. Kabla ya kutoka alimwelekeza mumewe, "Maharage yako kwenye ndoo ya bluu. Ufunguo wa kabati uko palepale." Akapanda basi akaenda zake na moyo mweupe. Kabati hilo ndilo lenye hati ya nyumba.

Basi halijafika mbali, mume ameshampigia simu dalali. Na mnunuzi akapatikana upesi, mtu mstaarabu, akasema, "Nyumba nimeipenda. Ila twende kwa wakili, na mkeo aje aridhie." Fundi akaomba dakika moja. Akatoka nje na dalali.

"Mke wangu hatakubali hata kidogo," akasema fundi.

Dalali akampigapiga bega. "Mzee wangu, unahangaika na nini? Wakili hamjui mkeo. Wakili anajua sahihi. Nitakutafutia mke wa kusaini."

Mnaguna? Mnajifanya hamjawahi kusikia? Mambo haya yapo, na wengine hapa mnawajua madalali wenyewe kwa majina.

Akaletwa mwanamke mmoja, anauza mitumba, mchangamfu, kajifunga kitenge kipya. Wakafika kwa wakili, akawapokea vizuri, akaomba cheti cha ndoa. Dalali akasema kilipotea wakati wa kuhama. Wakili akasema hakuna shida, wataapa. Ikaandikwa hati ya kiapo, picha ya fundi ikabandikwa upande huu, picha ya yule mwanamke upande ule, wamekaa kama siku ya arusi.

Wakili akauliza, "Mama, wewe ni mke wa huyu bwana?"

"Ndiyo, baba. Wa ndoa kabisa."

"Umeridhia nyumba iuzwe? Hakuna aliyekulazimisha?"

"Nimeridhia, tena kwa furaha."

Wakili akamgeukia fundi. "Na wewe, mzee wangu. Una mke mwingine zaidi ya huyu?"

Nataka tusimame hapo kidogo. Saa ileile mkewe alikuwa kwa binti yao, amechuchumaa, anakamua kitambaa cha maji ya moto mpaka viganja vimekuwa vyekundu. Fundi alijua. Kisha akajibu, "Sina. Mke wangu ni huyu peke yake."

Akasaini. Mhuri ukagongwa. Mnunuzi akakubali kulipa na kukabidhiwa nyumba baada ya miezi miwili. Walipokuwa wanainuka, yule mwanamke akasema, "Na mimi nipeni nakala yangu." Dalali akamkanyaga mguu chini ya meza. Wakili akasema, "Ni haki yake huyu," akampa.

Fundi akarudi nyumbani anapiga mluzi. Aliwaza, lori likishasimama mlangoni mama atanyamaza. Kina baba, mnajua sisi tunavyojidanganya!

Siku arobaini zikaisha, mama akarudi na picha za mjukuu kwenye simu, amefurahi, anamwonyesha mumewe pua ya mtoto, kwamba ni yake kabisa. Kesho yake asubuhi wanakunywa chai, wakasikia hodi. Mama akafungua. Nje amesimama mwanamke, nyuma yake mkokoteni, juu ya mkokoteni godoro, beseni na sanduku.

"Karibu, dada. Umepotea njia?"

"Sijapotea, dada yangu. Nimekuja kwangu. Mume wangu yupo?"

Mama akamtazama juu mpaka chini. "Mume wako nani?"

"Mwenye nyumba hii. Mimi nilikuwa nimepanga, mwenye nyumba wangu kanipa notisi. Nikakaa nikawaza, mbona mimi nina karatasi ya mhuri? Mke wa mtu nahangaikaje na vyumba vya kupanga? Sasa kama nyumba imeuzwa, nataka nusu yangu. Kama haijauzwa, nataka chumba changu."

Na karatasi akaitoa. Mama akaisoma palepale mlangoni, taratibu, mpaka akafika kwenye ule mstari: sina mke mwingine. Akamgeukia mumewe, kikombe cha chai bado kiko mkononi mwa mzee.

"Baba watoto, huyu ni nani?"

"Simjui," akasema fundi.

Yule mwanamke akapiga makofi. "Hunijui? Si uliapa mwenyewe!"

Hebu nisaidieni hesabu. Kwa wakili alimkana wa kwanza. Mlangoni akamkana wa pili. Amebaki na wake wangapi? Hana! Tena akisema huyu ni mke wangu, amempoteza mama watoto. Akisema si mke wangu, ameapa uongo, na kuapa uongo kuna gereza ndani yake. Kila upande aliogeukia alikutana na maneno yake mwenyewe.

Mama hakupiga kelele. Nadhani angepiga kelele mzee angepata nafuu. Aliingia chumbani, akatoka na cheti cha ndoa ndani ya mfuko wa nailoni. Kilikuwa kwenye Biblia yake, hakijawahi kupotea hata siku moja. Akajifunga khanga, akaenda kwa wakili kwa miguu.

Wakili akamuuliza, "Mama, wewe ni nani katika jambo hili?"

Akajibu, "Mimi ndiye yule ambaye hayupo."

Wakili akasoma cheti, akatazama picha, akatoa jasho. Akampigia mnunuzi simu, mauzo yakasimamishwa siku hiyohiyo. Mnunuzi wa watu akashika kichwa, akasema, "Nilikuja kununua nyumba, kumbe nilikuwa nanunua kesi!" Dalali simu yake ikawa haipatikani. Na yule mwanamke wa mitumba, aliposikia mama amerudi na neno polisi, aligeuza mkokoteni mwenyewe bila kumsubiri mwenye mkokoteni.

Fundi alishinda amejificha kwenye karakana yake. Saa tisa alasiri njaa ikamrudisha nyumbani. Akakuta geti limefungwa, geti alilolichomelea kwa mkono wake. Akabisha.

"Nani?" Sauti ya mama kutoka ndani.

"Ni mimi, mume wako."

"Mume wangu? Nimesoma karatasi, mume wangu hana mke isipokuwa yule wa kwenye picha. Sijui wewe unamtafuta nani."

"Mama watoto, nisamehe. Nifungulie basi, niko juani."

Kisha mama akasema, "Kama unatafuta pa kukaa, chumba cha uani kiko wazi. Kodi ni miezi sita mbele, na tutaandikishana. Ila mkataba wangu, mzee, usije peke yako. Uje na mkeo asaini."

Chekeni tu! Chekeni, mimi nangoja.

Mmemaliza? Sasa niambieni, mnamcheka nani? Mimi nilipokuwa naandika mfano huu jana mezani kwangu, nilicheka mpaka mama mchungaji akaniuliza kuna nini. Halafu nikakumbuka kwamba hati ya kiwanja chetu nimeiweka mahali ambapo yeye hapajui. Kicheko kikaisha. Nimeona aibu, na nawaambia wazi kwamba nimeona aibu. Nimempa ile hati jana ileile.

Maana sisi, ndugu zangu, tunaapa kwa urahisi mno. Tunafikiri uongo ni kitu cha dakika tano ofisini kwa mtu, mhuri ukishagongwa tumeachana nao. Hapana! Uongo nao unataka pa kuishi. Utakuja na godoro lake na beseni lake, utabisha hodi mbele ya watu unaowapenda, nao utakuwa na nakala.

Na si nyumba za tofali tu. Tazameni tunavyokuja hapa Jumapili. Tumevaa vizuri, tumechangamka kama yule dada wa kitenge kipya. Tunaulizwa, umesamehe? Ndiyo. Umetubu? Ndiyo, tena kwa furaha. Umeutoa moyo wako wote kwa Bwana? Wote kabisa! Na moyo wenyewe hauna habari. Moyo uko mbali, una shughuli zake, hakuna aliyeuuliza. Tumeleta mdomo wa kusaini.

Sikilizeni, nawaambia kwa uhakika na sina wasiwasi na neno hili. Mlango wa yule fundi bado una mtu ndani. Mama hakuhama, hakuchoma nguo za mumewe, amesimama nyuma ya geti anasubiri kusikia kitu kimoja tu, mkewe ni nani. Siku fundi atakaporudi kwa wakili, aseme mbele ya wote, "Niliapa uongo, mke wangu ni yule aliyemwagilia tofali," komeo litalegea. Neno hilo linaweza kumgharimu, na kulipa atalipa. Lakini ataingia kwa mlango wa mbele. Na sisi ndivyo tunavyongojwa.

Kwa hiyo leo hamtoki hapa na maombi marefu. Mnatoka na kazi. Ukifika nyumbani, kabla ya chakula, fungua kabati. Mwite mwenzako, umwonyeshe karatasi zote, ya nyumba, ya kiwanja, ya mkopo. Kama kuna mahali ulisema uongo, sema ukweli leo, wakati bado mnakaa meza moja.

Na wewe baba wa bahasha ya kaki, najua umekuja, nimekuona tangu wimbo wa kwanza. Uliniuliza kama kuna ulazima wa kumwambia mama. Yule dalali alisema kweli, wakili wa mjini hamjui mkeo, anajua sahihi tu. Lakini iko siku utasimama mbele ya Yule ambaye hataomba cheti wala kiapo. Yeye anamjua mkeo. Alikuwepo mkeo alipomwagilia matofali yenu.