Fundi Aliyeshona Kope

Kaeni vizuri, tupeane nafasi. Na anayetaka kusinzia asinzie tu, sitamnunia, maana mambo ya leo ndiyo yaliyompa ruhusa hiyo.

Zamani za mababu wa mababu zetu, macho ya binadamu hayakuwa na kope. Yalikaa wazi tangu mtu anapozaliwa, kama ya samaki sokoni. Usiku nao ulikuwa mfupi: ukiinjika chungu cha maharage jua likizama, yanaiva kumekucha. Watu wazima walijilalia hivyo hivyo, nyuso wamezifukia mikononi, wakaamka macho mekundu na kugombana kwa mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Lakini mtu mzima huvumilia. Walioumia hasa ni watoto wachanga, kwa sababu mtoto mchanga hukuzwa na maziwa na usingizi, akikosa kimoja, hicho kingine hakimfai.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Mbodze, fundi wa kushona mahando, yale mavazi ya kike ya marinda mengi yanayofungwa kiunoni. Alikuwa na maringo ya ufundi, nami simlaumu. Kazi yenye ncha ya uzi inayoning'inia haikutoka mlangoni pake. Alikuwa akisema uzi wa namna hiyo ni ulimi wa kumsengenya fundi.

Binti yake, Dama, alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili, wote kwa kukosa usingizi. Wa tatu, Kadzo, alipofikisha siku ya sita hajalala ipasavyo, aliliacha ziwa. Hakulia tena, alikodoa macho tu. Dama akampeleka kwa mama yake, akamlaza mapajani pake.

"Mama, huyu naye anakwenda," akasema. "Mimi sina nguvu ya kuzika tena."

Mbodze akavuta kikapu chake cha nguo. Alitoa hando lake la harusi, lililolainika kwa kufuliwa miaka mingi, akalitia kisu. Majirani waliokuwapo walishika vichwa, maana hando la harusi huwekwa, halikatwi. Akapima uso wa mtoto kwa kidole, akakata vipande viwili vya kumfunika toka sikio hadi sikio, akatia usufi katikati visimkwaruze, akashona kandokando, kisha akaweka kamba ya kufungia kisogoni.

Jirani mmoja akaangua kicheko. "Mama Dama, huyo mtoto au ngamia wa kinu cha ufuta, unamfunga macho azunguke?"

Kicheko kile kiliuma, na kazi yenyewe haikumtetea. Kadzo alisinzia kidogo, akageuza kichwa, kamba ikateleza mpaka shingoni, mwanga ukamwamsha. Ilipokazwa ilimkata masikio. Ilipolegezwa ilishuka tena.

"Kosa ni langu," Mbodze akasema. "Nimeuvisha uso, kumbe kinachotaka nguo ni jicho."

Akaanza upya. Safari hii alikata vipande vidogo vyembamba, kila jicho na chake. Alishona mbio, maana kifua cha mtoto kilikuwa kikipanda kwa shida, na kwa haraka hiyo hakukata ncha za uzi hata moja. Akaviweka juu ya macho ya Kadzo, akainua uso.

"Mulungu, kushona nimeshona. Kushikiza kwenye mwili siwezi, hiyo ni kazi yako. Shikiza juu peke yake, chini uache wazi, mtoto huyu apate kumwona mama yake."

Mulungu akasikia. Vile vipande vikashika juu, vikapata joto la ngozi, vikateremka taratibu. Kadzo akalala saa sita mchana, jua la utosini, akalala mpaka Dama akaogopa, akamtegea sikio puani. Alikuwa akikoroma! Alipoamka alifungua macho, akamtazama mama yake, akatafuta ziwa. Dama alilia kwa furaha hadi akashindwa kumpakata vizuri. Mbodze alipoziona zile ncha za uzi zinaning'inia alichukua kisu kwa aibu, lakini binti yake akamshika mkono.

"Ziache, mama. Zinamzuilia vumbi."

Ndizo hizo nywele mlizo nazo ukingoni mwa kope.

Habari zikaenea, watu wakapanga foleni. Hando likaisha rinda baada ya rinda, kina mama wakaleta mahando yao. Ng'ombe na mbuzi waliletwa pia; samaki hawakutaka kutoka majini, na hasara ni yao. Hata yule jirani alikuja, kichwa chini. Mbodze alimshonea bila neno, ingawa wapo wanaosema sindano aliikaza kidogo.

Fundi mwenyewe hakushonewa. Kazi ile ilitaka macho, na hakuna awezaye kujishonea jicho analotazamia. Kadzo alikua, akajifunza sindano, na kila mara alimwomba bibi yake akae ashonewe.

"Kesho, mjukuu wangu," Mbodze alijibu. "Leo kuna mtoto amezaliwa."

Kesho hiyo haikufika. Alasiri moja Mbodze alikata roho mkekani, mzee wa miaka mingi, macho wazi yakitazama makuti. Kadzo alikuwa kando yake na sindano mkononi, uzi umekwisha kutungwa. Akaiweka chini. Akafunika macho ya bibi yake kwa kiganja, akakiacha hapo mpaka jua likatua.

"Sasa lala, bibi," akasema. "Watoto wote wamelala."

Na tangu siku hiyo mtoto huzaliwa na kope zake, hulala mchana kweupe, na mama yake hupata kupumua. Na mtu anapofariki, ingawa kope anazo na maisha yake yote alizifunga mwenyewe, hatumwachii kazi hiyo ya mwisho. Aliye karibu naye humfumba macho kwa kiganja, polepole, kama anayemlaza mtoto.