Miche ya Chumbani na Mtamba Mmoja

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii nina swali, na sipendi kumwuliza swali mtu anayekoroma.

Katika kijiji kimoja cha milimani huko Upare walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Elieza, fundi saa, alikuwa na macho. Najua sote tuna macho, lakini ya Elieza yalikuwa ya kuona jino lililovunjika ndani ya saa ya mkononi kabla hata hajavaa miwani. Nakiete, mpishi wa shughuli, alikuwa na pua. Alikuwa akipita nje ya jiko la harusi huku anazungumza mambo yake, akasema wali wa sufuria ile ya pembeni unaanza kushika, na ukifunua unakuta ndivyo. Wa tatu alikuwa bibi Naetwe, na yeye alikuwa na ulimi. Ulimi ule uliwahi kumfanya mhubiri asahau alichotaka kuhubiri. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kuusikia ukitamka neno "nimekosea". Mtaniambia hicho si kipaji. Subirini kwanza.

Naetwe alikuwa mama mkwe wa Nambua, na hadithi hii ni ya Nambua.

Kule milimani watu hulima kwa maji ya ndiva, yaani bwawa la mfereji ambalo hufunguliwa kwa zamu. Shamba lenye zamu ni shamba. Shamba lisilo na zamu ni mawe yenye mipaka. Na sheria ya ndiva haina huruma: siku ya kufungua maji, shamba likikutwa halina kijani misimu miwili mfululizo, zamu yake hupewa mwingine. Msimu uliopita Nambua hakupanda kitu, kwa sababu mumewe Kajiru alikuwa kitandani akimuugulia hadi akamfia. Kwa hiyo msimu huu ulikuwa wa mwisho. Kwao alikozaliwa ndugu zake walikwisha kugawana kila kipande, na alikuwa na watoto wawili, Sebuge na mdogo wake. Zamu ikiondoka, hakuwa na mbele wala nyuma.

Alisia nyanya kitaluni nje ya nyumba. Mvua ya mawe ikaja alasiri moja ikaponda kila kitu, pasibaki hata shina la kuokota. Zikabaki mbegu chache tu alizokuwa amezifunga kwenye pindo la kanga, mbegu ambazo Kajiru mwenyewe alizikausha. Nambua akasema hizi haziendi nje. Akazisia kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, akayapanga chini ya dirisha katika chumba cha marehemu, chumba kilichopakana na jiko, chenye joto. Mbegu zikaota vizuri. Asubuhi anaamka anaiangalia miche kabla ya kuwaangalia watoto, na hilo lilimtia aibu lakini hakuweza kuacha.

Kisha majani yakaanza kuharibika. Yakapata vidoadoa vyeupe kama yamechomwa na sindano. Yakalegea na kuinama ingawa udongo ulikuwa umelowa. Yakapauka. Kila siku mche mmoja au miwili ililala na haikuinuka tena. Nambua alizungusha makopo, akayasogeza dirishani, akayarudisha, akaimba, akanyamaza. Mama mkwe wake akasimama mlangoni, akamwambia, "Mama Sebuge, una mkono mkavu. Ulimlaza mwanangu, sasa unazilaza na mbegu zake."

Kilichomuumiza Nambua zaidi ni kwamba aliamini.

Watu wa ndiva walipokutana kupanga zamu, alikwenda kumwomba mgawa maji amwongezee muda. Mgawa maji alikuwa mtu mpole, lakini alitikisa kichwa. "Sheria si yangu, dada. Nikikusamehe wewe leo, kesho nitamnyima nani?"

Hapo Nambua akasimama mbele ya wote, kanga imemteleza begani na hana habari nayo. Akasema, "Yeyote atakayeniponyea miche yangu, awe wa karibu, awe wa mbali, nitampa mtamba wangu. Ninyi nyote ni mashahidi."

Ng'ombe wengine wa nyumba ile waliondoka mmoja mmoja wakati wa ugonjwa wa Kajiru, na mtamba yule ndiye aliyebaki. Mtu hatoi ahadi kama ile akiwa na njia nyingine.

Wa kwanza kuja alikuwa Elieza. Alifunga kibanda chake cha saa, akaacha wateja wakigonga. Aliingia chumbani, akabana jichoni kile kioo chake cha kukuzia, akageuza jani moja juu chini na kuliangalia kwa muda mrefu. "Shemeji," akasema, "hapa hakuna mkono mkavu. Hapa kuna utitiri. Wamekaa upande wa chini wa jani wananyonya, na wamefuma utando. Joto la jiko limewapendeza." Akaomba maji ya sabuni na kitambaa laini. Akafuta jani moja moja, juu na chini, kwa mikono ile ile inayofungua saa. Akarudi kesho yake akafuta tena, na siku zilizofuata pia. Vidoadoa vikakoma. Lakini miche iliendelea kulala.

Wa pili akaja Nakiete. Yeye hata hakuinama. Alisimama kizingitini, akavuta pumzi, akakunja uso. "Humu kuna kitu kimeoza, mdogo wangu." Akachomeka kidole kwenye udongo wa kopo moja, akakinusa, akang'oa mche uliokwisha kufa na kumwonyesha mizizi. Ilikuwa ya kahawia na laini, ikiguswa inatoka. "Makopo haya hayana matundu. Mizizi imekaa ndani ya uji. Unamwagilia mara ngapi?"

"Jioni tu, dada. Kikombe kimoja kwa makopo yote."

"Basi kikombe chako kinazaa." Akatafuta msumari, akakaa chini akatoboa kila kopo kitako, akayapanga juu ya vijiti maji yachuruzike, akakataza mtu yeyote kumwagilia. Yalichuruzika maji mengi, na yalikuwa yananuka. Shughuli ya harusi aliyokuwa ameahidi kupika ikapikwa na mwingine, akapoteza na jina kidogo. Miche iliyosalia ikasimama. Nambua akaanza kula tena.

Ilisimama, lakini haikukua. Jani jipya lililotoka kileleni lilitoka la manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani, kama wavu juu ya kitambaa. Jani lililofuata likawa la manjano zaidi. Elieza akaangalia na kioo chake, hakuona mdudu. Nakiete akanusa, safari hii hakusikia uozo. Ila aligusa udongo, akakuta umelowa.

"Nilikataza maji," akasema.

"Sijamwagilia."

"Mama Sebuge, udongo huu umelowa leo asubuhi."

"Sijamwagilia," Nambua akarudia. Watu wawili hawa walioacha kazi zao kwa ajili yake walikuwa wanatazamana. Akaona wanachofikiri, kwamba huyu mjane akili imechoka, anamwagilia na kusahau. Na yeye mwenyewe akaanza kujiuliza. Huenda ni kweli. Huenda anaamka usingizini akafanya. Huenda mkono ni mkavu kweli, na utitiri na uozo vilikuwa mwanzo tu. Siku ya kufungua maji ilikuwa inakaribia. Akakaa sakafuni kati ya makopo, akafunika uso kwa kanga, akalia bila kujificha, kwa namna ambayo hakulia hata siku ya mazishi.

Nakiete akaanza kufunga msumari wake kwenye leso aondoke. Elieza akatoa kioo jichoni. "Shemeji, tumefika mwisho wa tunachokijua."

Bibi Naetwe alikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta, akisikia kila neno. Alikuwa na nafasi ya kukaa kimya, wanangu. Nataka mlikumbuke hilo. Hakuna aliyemshuku, na kulikuwa na mwingine wa kubeba lawama, amekaa sakafuni tayari ameibeba. Lakini alikuja, akashika mwimo wa mlango.

"Ni mimi," akasema.

Wakamgeukia.

"Kila alfajiri naimwagia miche maji ya majivu. Nachuja majivu ya jikoni namwagia. Sisi zamani tulifukuzia wadudu hivyo kwenye kabichi. Fundi aliposema kuna wadudu, nikaongeza majivu. Huyu mpishi alipokataza maji, nikapunguza maji, majivu sikupunguza." Akayatazama makopo. "Nilitaka mbegu za mwanangu nizitunze mimi. Sikutaka zitunzwe na mtu mwingine."

Nambua alikuwa ameinua uso.

"Nimekosea," Naetwe akasema. "Na lile neno la mkono mkavu, nalo nilikosea. Mwanangu aliuguzwa vizuri. Niliona kwa macho yangu."

Nakiete, anayejua majivu yanavyofanya maharage yakizidi sufuriani, akapiga paja. Majivu kidogo ni dawa, yakizidi, udongo huunyima mche chakula hata kama chakula kimo. Hakuna jicho lingeyaona, yalikwisha kuyeyuka. Hakuna pua ingeyasikia katika chumba kilichopakana na jiko. Naetwe, kwa goti lake bovu, akapanda mwenyewe mlimani hadi chini ya migomba, akashuka na kikapu cha udongo mpya kichwani. Akapanda tena. Wote wanne wakahamishia miche kwenye udongo huo, mmoja mmoja, wakishikia majani na si shina. Baada ya siku kadhaa kilele cha mche wa kwanza kikafunguka, kikiwa cha kijani. Nambua alikitazama, akamwita mama mkwe wake, wakatazama pamoja. Miche ilipopata nguvu, wakaihamishia shambani.

Siku ya kufungua maji shamba lilikuwa na mistari michache, myembamba, lakini ya kijani. Mgawa maji akainama, akagusa jani, akainuka. "Zamu yako ipo," akasema. Maji yakaja mferejini yakisukuma vumbi na majani makavu mbele yake, na Nambua akavua viatu akasimama ndani.

Sasa tumefika kwenye mtamba.

Elieza amekuja langoni. Anasema, bila ugomvi, "Shemeji, nisingewaona wale wadudu, pasingebaki jani la mtu yeyote kuponya." Mwanawe anataka kuoa na ukweni wanasubiri mnyama. Nakiete amekuja langoni. Anasema, "Nisingetoboa yale makopo, fundi angekuwa anafuta majani ya miche iliyooza." Ana mjukuu aliyeachwa na mama yake angali mchanga, na anataka maziwa ya nyumbani mtamba huyu akizaa. Bibi Naetwe hakuja langoni wala hakudai. Yuko zizini, amempa mgongo kila mtu, anamwekea mtamba majani aliyoyakata asubuhi kama anavyofanya siku zote.

Kijiji kimegawanyika. Wako wanaocheka: mtu achome nyumba, kisha alipwe kwa kuonyesha kibiriti? Wako wanaowajibu: fundi alitoa macho yake, ambayo alikuwa nayo siku zote, mpishi alitoa pua yake, ambayo alikuwa nayo siku zote, bibi alitoa neno ambalo hakuwahi kuwa nalo, na bila neno hilo macho na pua vilikuwa vimeshafungasha virago. Wengine wanamkumbusha Nambua kwamba alisema mwenyewe, mbele ya mashahidi: awe wa karibu, awe wa mbali.

Nambua amefungua kamba ya mtamba. Ameishika. Anajua msimu ujao atayahitaji macho ya Elieza, na pua ya Nakiete, na anajua atalala nyumba moja na ulimi wa Naetwe maisha yake yote, ulimi uliojifunza neno jipya juzi tu na unaoweza kulisahau.

Msiniambie amchinje wagawane, mtamba akichinjwa ni mlo wa siku moja. Msiniambie asubiri azae, ahadi ilikuwa ya mtamba na si ya ndama. Kamba imo mkononi mwake, watu wawili wanamtazama, na mmoja amempa mgongo. Haya, wewe uliyekuwa unasinzia pale nyuma, tuanze na wewe: ungekuwa Nambua, kamba hiyo ungemkabidhi nani?