Samadi Iliyovikwa Shada

Hapo zamani za kale, enzi ambazo ukungu haukuwa na saa ya kuamka, Bi Digidigi alikuwa na bustani ya matikiti. Yeye mwenyewe kadogo, miguu kama vijiti vya mshikaki, lakini bustani yake sasa! Matikiti yalilala ndani ya ukungu kama miezi iliyoshuka kupumzika.

Asubuhi moja alitoka nje akadhani bado anaota. Matikiti ishirini yamebaki saba, mengine maganda tu! Na juu ya migomba, na juu ya kibuyu kilichoning'inia uani, kote kumepakwa rojo la kijani.

"Mvua ya mchicha?" akanong'ona.

Akanusa. Ptuu! Kinyesi.

Bi Digidigi alikuwa mjamzito na kiangazi kilikuwa njiani. Matikiti saba yangemfikisha wapi? Akaokota kijiti, akachokoachokoa taratibu, macho yamelegea kwa usingizi.

"Si cha Tembo; cha Tembo huwa mabonge. Si cha Nyati. Cha Nyati hulala bapa kama chapati. Hiki kimerushwa kwa mkia, na anayepiga mkia akijisaidia ni mmoja tu."

Kiboko! Lakini nani wa kumwambia Kiboko kuwa ni mwizi? Angesema, "Mimi nala nyasi tu, mama," kisha akukanyage kwa bahati mbaya.

Bi Digidigi akatabasamu. Akaosha migomba, akaosha kibuyu, akabakiza rojo kidogo tu kwenye ungo, akalifunika kwa kanga. Kisha akaita majirani.

"Jamani! Aliyeacha samadi hii amenibariki! Tikiti lililoguswa nayo limevimba kama ngoma. Mwenyewe ajitokeze nimvike shada, na matikiti yote saba ni yake!"

Akafunua kanga. Nyati, Tembo na Kiboko wakaja kwa vishindo ndani ya ukungu: du! du! du!

"Yangu hiyo, shemeji!" Nyati akaruka.

"Hongera! Uliiacha wapi?"

"Si hapo chini? Puu! Kwa adabu kabisa."

"Kaa kitako, shemeji."

Tembo akakohoa. "Ni yangu, mwanangu. Niliiweka mlangoni, kama mgeni mstaarabu."

"Nawe kaa, baba."

Kiboko alikuwa anatetemeka mashavu. Akajizuia. Akajizuia tena. Akashindwa!

"Waongo wakubwa nyie! Chini wapi? Mlangoni wapi? Ilipaa mpaka majani ya juu ya migomba! Ikagonga kibuyu: ko! Mnaweza nyie? Tazameni fundi!"

Akageuka, akainua mkia: papapapapapa!

Tembo na Nyati wakapakwa mpaka masikioni.

Hata ukungu ulisimama kusikiliza.

"Jirani," Bi Digidigi akasema polepole, kama anayembembeleza mtoto, "migomba niliiosha alfajiri. Kibuyu nacho nilikiosha. Nani kakuambia viliguswa?"

Kiboko akafungua kinywa. Kinywa kikubwa kama mlango wa ghala, huku akirudi kinyumenyume.

Tembo akajipangusa jicho, akaangalia alichopangusa. "Kumbe siku hizi nyasi zina mbegu nyeusi, eti?"

"Mimi... lakini... si umesema matikiti ni yangu?"

"Ni yako, jirani. Yako kuyamwagilia mpaka yaive. Kuyala, nitakusaidia."

Nyati akainamisha pembe kidogo tu, na Kiboko akaona ombi hilo lina maana. Shada nalo alivikwa, maana ahadi ni ahadi: shada la maganda ya yale matikiti aliyokula. Akatembea nalo mpaka mtoni, akazama taratibu, taratibu, yakabaki macho na masikio, na ganda moja likielea ndani ya ukungu.

Mpaka leo akisikia watu wanacheka, huzama hivyo hivyo.

Basi, wanangu, mwizi mpenda sifa usimkimbize: msifu, atajitaja mwenyewe.